Johnny Weissmuller: Maisha ya Mwenye Yowe la Tarzan

Utangulizi

Miongoni mwa sauti zilizowahi kunaswa na mafundi wa filamu na kurudiwa tena na tena, ni chache zinazotambulika duniani kama yowe la Tarzan. Hata mtoto ambaye hajawahi kutazama filamu yoyote ya Tarzan hulijua. Akining'inia kwenye tawi au akibembea kwenye kamba, hujipiga kifua na kulitoa. Mtu aliyelieneza yowe hilo aliitwa Johnny Weissmuller. Alikuwa muogeleaji kabla ya kuwa mwigizaji, na mhamiaji kabla ya kuhesabiwa kuwa Mmarekani. Katika filamu kumi na mbili alizoigiza kama bwana wa misitu ya Afrika, hakuna hata moja iliyomleta Afrika kupigwa picha.

Maisha yake yanastahili kuangaliwa na wanaojishughulisha na lugha kwa sababu yanaibua swali zito. Je, sauti ikishatengwa na kinywa kilichoitoa, inakuwa mali ya nani? Aidha, inaweza kusema nini kwa niaba ya watu ambao haikutoka kwao?

Kuzaliwa na kuhama

Weissmuller alizaliwa tarehe 2 Juni 1904 katika kijiji cha Szabadfalva, ambacho Wajerumani wa eneo hilo walikiita Freidorf, karibu na mji wa Timișoara. Wakati huo sehemu hiyo ilikuwa chini ya milki ya Austria na Hungaria. Leo imo katika nchi ya Romania. Wazazi wake, Peter na Elisabeth, walikuwa wa jamii ya Wajerumani waliokuwa wamelowea katika nchi za Danubi kwa vizazi kadhaa. Lugha ya kwanza aliyoisikia mtoto huyo ilikuwa Kijerumani.

Hakuwa ametimiza mwaka mmoja wazazi wake walipoabiri meli kutoka bandari ya Rotterdam kwenda Marekani, wakatia nanga New York mapema mwaka 1905. Familia ilikaa kwanza Windber, mji wa migodi ya makaa ya mawe katika jimbo la Pennsylvania, na huko ndiko alikozaliwa mdogo wake, Peter, mwaka huohuo. Baadaye walihamia Chicago. Maisha yalikuwa ya kubangaiza, na Johnny aliacha shule mapema ili ajitafutie riziki. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi aliugua polio na daktari akashauri aogelee ili kuutia mwili nguvu. Yawe yalivyokuwa, maji ya Ziwa Michigan ndiyo yaliyomlea, na kidimbwi cha chama cha michezo cha Illinois Athletic Club ndicho kilichomkomaza chini ya kocha William Bachrach.

Bingwa wa maji

Tangu mwaka 1921, aliponyakua taji lake la kwanza la kitaifa, hadi alipostaafu mashindano, haikuwa rahisi kumpata mtu wa kumshinda. Tarehe 9 Julai 1922, huko Alameda katika jimbo la California, aliogelea mita 100 kwa mtindo huru katika muda wa sekunde 58.6. Alikuwa binadamu wa kwanza kuandikwa kuwa amezimaliza mita hizo kabla ya dakika moja kutimia, na rekodi aliyoivunja ilikuwa ya nguli wa Hawaii, Duke Kahanamoku. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1924, alimshinda Kahanamoku ana kwa ana katika mita 100, akashinda tena katika mita 400 na katika mbio za kupokezana za mita 800, na juu ya hayo akapata medali ya shaba pamoja na timu ya polo ya majini. Miaka minne baadaye huko Amsterdam aliongeza medali mbili za dhahabu, jumla zikawa tano. Mwaka 1950 waandishi wa habari za michezo wa Marekani walimchagua kuwa muogeleaji bora wa nusu ya kwanza ya karne ya ishirini.

Hata hivyo, ushindi huo wa Paris ulijengwa juu ya siri. Ili aiwakilishe Marekani, ilimbidi awe raia, na uthibitisho wa uraia wake haukuwapo. Hivyo basi, nyaraka zilionyesha kwamba Johnny ndiye aliyezaliwa Windber, ilhali mdogo wake akaandikwa kuwa mzaliwa wa Ulaya. Mahali pa kuzaliwa pa Peter pakawa pa Johnny. Familia iliificha siri hiyo kwa miaka mingi. Kwa hiyo, kabla hajaazimwa jina la Tarzan, mtu huyu alikwisha kuazima utambulisho wa ndugu yake.

Ndugu hao wawili walikuwa na jambo jingine la kukumbukwa. Tarehe 28 Julai 1927, walipokuwa wakifanya mazoezi katika Ziwa Michigan, dhoruba ya ghafla iliipindua mashua ya matembezi iliyoitwa Favorite. Johnny na Peter walijitosa na kupiga mbizi mara kwa mara wakiwaopoa abiria. Watu 27 walifariki, wengi wao wakiwa watoto, lakini kumi na mmoja waliookolewa na ndugu hao walipona.

Kuingia katika filamu

Mwaka 1929 Weissmuller aliacha kuogelea kwa ridhaa na kuingia mkataba na kampuni ya BVD, iliyotengeneza nguo za kuogelea. Kazi yake ilikuwa kuzitangaza. Wakati huohuo kampuni ya filamu ya MGM ilikuwa inatafuta mtu wa kuigiza kama Tarzan, mhusika aliyebuniwa na mwandishi Edgar Rice Burroughs katika hadithi iliyochapishwa gazetini mwaka 1912 na kutoka kama kitabu mwaka 1914. Burroughs mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Inasimuliwa kwamba mwandishi wa mswada wa filamu, Cyril Hume, alimwona Weissmuller akiogelea, akaona kwamba mtu aliyetakikana amepatikana.

Kabla ya hapo, mwaka 1929, mwongozaji W. S. Van Dyke alikuwa ameleta kikosi cha MGM Afrika Mashariki kupiga filamu ya Trader Horn, iliyotolewa mwaka 1931. Kikosi hicho kilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji, kikapiga picha za wanyama, mito, maporomoko, ngoma na watu wa sehemu hizo. Picha zilizobaki zilikuwa nyingi mno, na kampuni haikutaka zipotee bure. Van Dyke huyohuyo alipopewa kazi ya kuongoza Tarzan the Ape Man, filamu ya mwaka 1932, picha hizo zilitumika upya. Waigizaji wa Hollywood walisimama studioni mbele ya pazia lililorushiwa picha za Waafrika, wakaigiza kana kwamba wamo pamoja nao. Mtazamaji alimwona Jane, aliyeigizwa na Maureen O'Sullivan, akiwatazama watu wa Afrika Mashariki kwa karibu, kumbe kati yake na watu hao palikuwa na bahari mbili na miaka kadhaa.

Yaliyosalia yaliundwa papo hapo California. Ndovu wa India walivishwa masikio ya bandia ili wafanane na wa Afrika. Waliojiita Mbilikimo katika filamu hiyo walikuwa watu wafupi wa asili ya Kizungu waliopakwa rangi nyeusi. Katika filamu za aina hii mlio wa ndege wa msituni mara nyingi ulikuwa wa kukabara, ndege wa Australia ambaye sauti yake yafanana na kicheko. Katika mazingira hayo ya kuunganisha vipande ndimo yowe lilimozaliwa.

Yowe lilivyotengenezwa

Burroughs alikuwa ametaja katika hadithi zake ukelele wa ushindi ambao Tarzan aliutoa baada ya kumwangusha adui, lakini msomaji aliachiwa kuusikia kwa akili yake. Filamu za kwanza za Tarzan, kuanzia ile ya Elmo Lincoln ya mwaka 1918, zilikuwa bubu. Frank Merrill alipata kutoa ukelele wa Tarzan mwaka 1929, sauti zilipoanza kuingizwa katika filamu, lakini haukumpata msikilizaji wa kuukumbuka. Yowe la mwaka 1932 ndilo lililodumu.

Asili ya yowe hilo inagombaniwa. Weissmuller alishikilia kwamba lilitoka kifuani mwake, na kwamba alilijua tangu utotoni kutokana na yodeli, uimbaji wa watu wa milima ya Ulaya ambamo mwimbaji hurusha sauti ghafla kutoka ile nzito ya kifuani hadi ile nyembamba ya juu, kisha akairudisha. MGM kwa upande wake ilieneza habari kwamba ni kazi ya Douglas Shearer, mkuu wa idara ya sauti, aliyechanganya mlio wa fisi uliopigwa kinyumenyume, sauti ya ngamia, mguno wa mbwa, uzi wa fidla na sauti ya mwimbaji wa kike. Mwimbaji mmoja wa opera, Lloyd Thomas Leech, naye alidai kwamba koo lililotumika lilikuwa lake.

Wachunguzi wa sauti wameonyesha jambo moja linalosaidia kupambanua. Yowe lile, likigeuzwa na kuchezwa kutoka mwisho hadi mwanzo, husikika karibu vilevile. Limeumbwa kama maneno ini na ama, ambayo husomeka sawa kutoka upande wowote. Koo la binadamu haliwezi kujigeuza namna hiyo kwa usahihi. Ni dhahiri basi kwamba fundi aliichukua sauti iliyonaswa, akakata kipande, akakigeuza na kukiunga. Hata kama mbegu ilikuwa ya Weissmuller, mti ulioota ulikuwa wa mashine. Weissmuller aliweza kulitoa yowe hilo hadharani kwa mdomo wake, na alifanya hivyo maisha yake yote, lakini alilazimika kuiga kile ambacho studio ilikuwa imemtengenezea.

Kuanzia hapo yowe likawa kama kifaa kabatini. Kulinasa upya kwa kila filamu kungegharimu muda na fedha, ilhali utepe ulikuwa tayari. Studio za wakati huo zilikuwa na maktaba za sauti, na sauti moja ingeweza kusafiri kutoka filamu hadi filamu kwa miongo mingi. Hata hivyo, sauti nyingi za maktaba hizo husafiri bila kutambuliwa. Mlio wa bunduki au kishindo cha mlango haumkumbushi mtazamaji mtu yeyote, lakini yowe la Tarzan lilisafiri na jina lake.

Shujaa asiye na sarufi

Tarzan wa Burroughs alijifundisha kusoma kutokana na vitabu alivyovikuta katika kibanda cha marehemu wazazi wake, na lugha ya kwanza ya binadamu aliyoizungumza ilikuwa Kifaransa. Alikuwa mjuzi wa lugha nyingi. Tarzan wa Weissmuller alinyang'anywa ujuzi huo wote. Alibakizwa na majina machache na vitenzi visivyonyambuliwa, bila viunganishi wala nyakati. Burroughs hakufurahishwa na mabadiliko hayo, ingawa alilipwa.

Linalowahusu zaidi wasomi wa Kiswahili ni lugha iliyobuniwa kwa ajili ya msitu huo. Neno lake kuu ni umgawa, ambalo husemwa lilibuniwa na Hume. Kwa neno hilo Tarzan alimwamuru ndovu asimame, aende, abebe, akimbie na arudi. Kwa neno hilohilo aliwaamuru watu. Ukilitazama umbo lake, utaona silabi wazi na nazali iliyotangulia konsonanti, sifa zinazopatikana katika lugha za Kibantu. Tena lafanana na kitenzi gawa kilichovikwa viambishi. Sikio la mgeni lingedhani ni Kiswahili. Kumbe ni sauti iliyokatwa kwa kipimo cha lugha za Afrika, ikaachwa tupu ndani. Lugha zenye ngeli, upatanisho wa kisarufi, methali na tenzi zilifupishwa zikawa amri moja.

Athari za jambo hilo hazikuwa za kuchekesha tu. Frantz Fanon, katika kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu nafsi ya mtu mweusi chini ya ukoloni, alieleza jinsi kijana mweusi wa visiwa vya Antili alivyoitazama filamu ya Tarzan kwao akijiona upande wa Tarzan dhidi ya weusi. Kijana huyohuyo alipoketi katika ukumbi wa Ulaya, watazamaji wa Kizungu walimfananisha na wale washenzi wa kwenye pazia, naye hakuwa tena na mahali pa kujificha. Yowe lililompa mtazamaji fahari ndilo lililomnyima sauti.

Weissmuller hakuyabuni hayo. Alikuwa mwajiriwa aliyefanya alichoagizwa. Aliigiza filamu sita chini ya MGM kati ya mwaka 1932 na 1942, kisha sita chini ya RKO hadi mwaka 1948. Ya mwisho, Tarzan and the Mermaids, ilipigwa Acapulco, Meksiko. Mwili wake ulikuwa umeanza kunenepa na nafasi yake ikachukuliwa na Lex Barker. Ni Barker, wala si Weissmuller, aliyekuwa Tarzan wa filamu ya mwaka 1951 ambayo baadhi ya picha zake zilipigwa Kenya.

Miaka ya baadaye

Kati ya mwaka 1948 na 1955 Weissmuller aliigiza katika filamu kumi na sita za kampuni ya Columbia, nyingi zikiwa za mhusika Jungle Jim, na mwaka 1955 hadi 1956 mhusika huyo akaingia katika televisheni. Jim alivaa nguo na kuzungumza sentensi kamili. Hata hivyo, ni wachache wanaomkumbuka. Umma ulimtaka mtu wa yowe. Alikoalikwa, iwe hotelini au kwenye uwanja wa gofu, aliombwa alitoe, naye akalitoa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1959 nchini Kuba, wapiganaji wa mapinduzi walipolizunguka gari lake, alijipiga kifua na kupiga yowe, nao wakacheka na kumwachilia.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa shwari. Alioa mara tano, akiwamo mwigizaji wa Meksiko Lupe Vélez, na watoto wake watatu aliwapata na mkewe wa tatu, Beryl Scott. Biashara alizojaribu hazikumfanya tajiri. Mwaka 1965 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa makumbusho ya kimataifa ya waogeleaji huko Fort Lauderdale, heshima iliyomkumbusha kwamba kabla ya msitu wa kubuni kulikuwa na maji halisi. Mwaka 1974 alivunjika nyonga, na mwaka 1977 akapatwa na viharusi. Mwishowe, yeye na mkewe wa tano, Maria, walihamia Acapulco, mji ule alikopigia filamu yake ya mwisho ya Tarzan.

Weissmuller aliaga dunia huko tarehe 20 Januari 1984, akiwa na umri wa miaka 79. Jeneza lake lilipoteremshwa kaburini, yowe la Tarzan lilichezwa mara tatu kutoka kwenye kanda, kama alivyokuwa ameomba. Kwa hiyo hata siku ya kuzikwa kwake, sauti iliyomuaga ilikuwa ileile iliyokatwa na kuungwa na fundi zaidi ya nusu karne kabla.

Yowe baada ya mwenyewe

Hata enzi za uhai wake yowe lilikuwa limeanza kumwacha. Mwaka 1959 MGM ilitoa upya Tarzan, the Ape Man, safari hii Denny Miller akiwa mwigizaji mkuu, lakini yowe lililosikika lilikuwa la Weissmuller, pamoja na vipande vya picha za filamu zake. Mwaka 1983, katika filamu ya James Bond iitwayo Octopussy, Bond alibembea kwenye mitambaazi ya msitu wa India huku yowe hilohilo likisikika kwa mzaha.

Mwaka 1998 kampuni ya warithi wa Burroughs ilisajili yowe hilo nchini Marekani kama alama ya biashara. Maelezo ya usajili yanalitaja kuwa mfululizo wa sauti kumi hivi zinazopokezana kati ya sauti ya kifua na ile nyembamba ya juu. Barani Ulaya, mwaka 2007, ombi kama hilo lililowasilishwa kwa mchoro wa mawimbi ya sauti lilikataliwa, kwa sababu mtu hawezi kuutazama mchoro huo akaisikia sauti. Tangu hapo jibu la swali la umiliki, angalau kisheria na nchini Marekani, limekuwa wazi. Yowe si la Weissmuller wala si la fundi. Ni la kampuni.

Hitimisho

Johnny Weissmuller alikuwa mtoto wa wahamiaji aliyepanda kwa jasho lake, muogeleaji ambaye hapakuwa na mfano wake, na muokozi wa watu kumi na mmoja siku ya dhoruba. Historia imemkumbuka kwa jambo dogo kuliko yote hayo, yaani sauti ya sekunde chache isiyo na neno ndani yake. Si haki kumtwika yeye peke yake mzigo wa taswira potovu ya Afrika iliyoenezwa na filamu zile. Hata hivyo, taswira hiyo ilisafiri juu ya sauti yake.

Kwenye tepe zile za mwaka 1929 walikuwamo pia watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Walicheza ngoma zao na kusemezana kwa lugha zenye sarufi kamili mbele ya kamera. Nao pia walirudiwa katika filamu nyingine, wakiwa mandhari ya hadithi ya mtu mwingine, na majina yao hayakuorodheshwa. Yowe lisilo na maana lina mmiliki, tarehe na cheti cha usajili. Kuyatafuta maneno ya wale watu na kuuliza walikuwa wakisema nini ni kazi ambayo bado inawangoja wanaozijua lugha zao.